Kadi niliyoandika "Haangalii"

Mama zangu, baba zangu, bibi mliokuja na wajukuu, wauguzi na madaktari wenzangu: shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za asubuhi. Mratibu ameninong'oneza nisizidi dakika 40. Nitajitahidi, maana humu ukumbini kuna wasikilizaji wanaokula kila baada ya saa 2 au 3 na hawana subira na wahutubiaji. Mtoto akilia asitolewe nje. Akilia yeye, nitanyamaza mimi.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye kliniki ya kufuatilia makuzi ya watoto njiti, nililetewa mtoto wa kike wa miezi 3. Nilitakiwa kupima kama anaangalia. Nikapekua mfuko wa koti, nikapata kichezeo chekundu chenye kengele, nikakitikisa mbele ya uso wake. Akageuza shingo. Nikamfuata upande ule ule aliogeukia. Akapiga chafya, akafumba macho. Nikamwambia mama amwite. Mama akaita, akapiga makofi, akabofya ulimi. Mimi huku naendelea na kengele yangu. Mtoto akakunja uso, kwikwi ikamshika. Nikafungua kadi nikaandika neno moja: "Haangalii."

Mama yule alijua kusoma vizuri kuliko nilivyojua kuandika. Aliporudi baada ya mwezi, kadi mkononi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu siku ile amekuwa akimnyonyesha mwanawe huku yeye ameelekeza uso ukutani. "Kama hataki kuniangalia," alisema, "nisimlazimishe."

Ndipo nikapiga hesabu ambayo ilipasa niipige kabla ya kugusa kalamu. Mtoto alizaliwa wiki ya 29 ya ujauzito. Mimba iliyotimia tunaihesabu wiki 40, kwa hiyo alitangulia kwa wiki 11. Siku nilipompima alikuwa na wiki 13 tangu azaliwe. Kumi na tatu toa kumi na moja zinabaki 2. Nilikuwa namdai mtoto wa wiki 2 kazi ya mtoto wa miezi 3! Na hapo alikuwa ametoka kuchomwa chanjo nusu saa kabla, amelazwa chali chini ya taa za dari, watu wazima wawili wanamtikisia na kumpigia makofi kwa wakati mmoja.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: aliangalia. Zile sekunde chache za mwanzo, alipolazwa mezani, macho yake yalikuwa wazi na yalikuwa juu ya uso wangu. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kichezeo mfukoni.

Kiswahili chetu kimetugawia maneno ambayo siku ile niliyachanganya. Kuona ni kazi ya jicho. Mwanga umeingia, jicho limeupokea. Kutazama ni kulielekeza jicho. Kuangalia kuna akili ndani yake, ndiyo maana anayelea mtoto tunasema anamwangalia, na anayetaka kukanyaga kigae cha chupa tunampigia kelele "angalia!" Kisha kuna kuangaliana, ambako mmoja peke yake hawezi. Mtoto anaweza kuona bila kutazama, akatazama bila kuangalia, na akaangalia vizuri kabisa lakini hana wa kuangaliana naye kwa sababu mwenzake ana haraka. Tena tunasema mtoto "yuko macho" kwa maana kwamba hajalala, kama vile kufumbua macho ndiko kuwa tayari. Kwa mtoto njiti hayo ni mambo mawili mbalimbali, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo imo katikati ya hayo mawili.

Njiti, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Mwaka 2020 walizaliwa takriban milioni 13.4 duniani, karibu mmoja katika kila watoto 10. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za kundi dogo lililojificha.

Sasa fikirieni macho yao. Tumboni, hisi huamka kwa foleni. Ngozi hutangulia, halafu mizani ya mwili inayojua kupinduka na kubembea, halafu ladha na harufu, halafu sikio. Jicho ndilo la mwisho, na huko tumboni halina kazi kubwa kwa sababu ni kiza. Hadi kwenye wiki ya 24 hadi 26 hivi kope zenyewe bado zimeshikana. Mboni kusinyaa inapopigwa na mwanga, jambo ambalo sisi hatulifikirii kabisa, huanza kuonekana kuanzia wiki ya 30 hivi na hukamilika wiki chache baadaye. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 27, aliyeko kwenye inkubeta, lile sanduku la joto la kulelea njiti, ana kope nyembamba zinazopitisha mwanga na mboni isiyojua kujikunyata. Ukiwasha taa kubwa ili utafute mshipa, yeye hana pazia la kushusha.

Kuna jaribio la kware ambalo hulisimulia kila nikipata nafasi. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Robert Lickliter, aliondoa sehemu ya juu ya ganda la mayai ya kware siku moja hivi kabla hayajaanguliwa, akawamulikia vifaranga mwanga ambao hawakupaswa kuuona bado. Kwa kawaida kifaranga wa kware akishatoka huufuata mlio wa mama kwa sikio tu, hata kama mama haonekani. Hawa waliowahishiwa mwanga hawakufanya hivyo. Walitaka wasikie na waone pamoja ndipo waende. Jicho lilikuwa limewahi, na sikio likapoteza zamu yake. Mtoto wa binadamu si kware, na simwambii mzazi yeyote humu kwamba taa ya wodi imeharibu masikio ya mwanawe. Nasema tu kwamba mwanga nao una wakati wake, na muuguzi anayetandika shuka juu ya inkubeta hafanyi urembo.

Baada ya kuzaliwa kwa wakati, mtoto huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Pimeni: ni kutoka titi hadi uso wa anayenyonyesha. Mbele zaidi ya hapo mambo ni ukungu. Zamani hata hilo halikukubaliwa. Watu waliamini mtoto mchanga haoni chochote cha maana. Aliyewaumbua ni Robert Fantz wa Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1961 alieleza kijisanduku alichomlaza mtoto chali, juu yake picha mbili, katikati tundu la kuchungulia. Alikuwa akitazama ni picha ipi inayoakisiwa kwenye jicho la mtoto, na kwa muda gani. Watoto walikaa zaidi kwenye michoro kuliko kwenye karatasi tupu. Mwaka 1975 watafiti wengine waliwapitishia watoto waliozaliwa dakika chache tu zilizopita kibao chenye mchoro wa uso, na kingine chenye macho, pua na mdomo vilivyovurugwa. Uso waliufuata zaidi kwa macho na kwa kichwa. Nalipenda wazo hili kwamba mtu anafika duniani, hajafutwa sawasawa, tayari anatafuta mtu.

Vipi basi kwa njiti? Hapa niende polepole, maana ndipo panapozaa hofu nyingi mnazoniletea kliniki.

Susan Rose na wenzake wa New York walitumia miaka mingi kuwaonyesha watoto njiti na wenzao waliotimia nyuso na vitu mbalimbali, wakiwapima katika miezi 5, 7 na 12. Waliona kwamba walio njiti huhitaji muda mrefu zaidi kuuzoea uso mmoja kabla ya kuutambua. Hukaa na kitu kwa mitazamo mirefu, na hawahamishi macho huku na huku mara nyingi kama wenzao. Mzazi akiona hayo nyumbani hutafsiri mara mbili, na mara zote mbili anakosea. Kwanza hufurahi: mwanangu ana makini, ameukazia macho uso wangu dakika nzima! Baadaye huogopa: mbona amekodoa tu, haoni kingine? Mtazamo mrefu si lazima uwe makini. Mara nyingi ni akili bado inasoma ukurasa ule ule. Na kwa mtoto yeyote wa mwezi 1 hadi 3 hivi, njiti au siye, kuna kipindi ambacho jicho likishanasa kitu halijui kunasuka. Ukimwona analia huku amekodolea pazia, mkinge pazia kwa kiganja chako. Amenaswa, msaidie.

Edinburgh, huko Uskoti, mwaka 2016, ilichapishwa kazi iliyotumia kamera zinazofuatilia nyendo za jicho. Watoto wa miezi 7 hivi walionyeshwa picha zenye watu na vitu, na waliozaliwa njiti walizielekea sehemu zenye watu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Najua sentensi hiyo ikisomwa saa 8 usiku kwenye simu inaua usingizi, kwa hiyo nakuwekeeni na nyingine kando yake. Mwaka 2014 Marcela Peña na wenzake waliwapima watoto njiti wenye afya nzuri huko Chile katika kufuata macho ya mtu mwingine, yaani wewe ukitazama kulia, na yeye anatazama kulia ajue umeona nini. Ukiwalinganisha na wenzao kwa siku walizoishi nje ya tumbo, walikuwa sawa. Hawakusubiri umri wa mimba uwafikie. Na miaka 2 kabla ya hapo, watafiti wa Hungaria walionyesha kwamba hata kazi ya macho mawili kushirikiana huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, si tangu siku ya kutungwa mimba.

Kwa hiyo mtoto njiti ana saa mbili ukutani. Moja ilianza mimba ilipotungwa, nyingine ilianza alipoiona nuru. Tabasamu la kukujibu linafuata ile ya kwanza. Litegemeeni wiki 6 hadi 8 baada ya tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, siyo baada ya tarehe aliyozaliwa. Kufuata macho yako, kama ni mzima, kunaweza kufuata ile ya pili. Sisi wa kliniki tukitumia saa moja kwa kila jambo tunaandika upuuzi kwenye kadi. Ushahidi wangu mmeshausikia.

Ni kweli kwamba waliozaliwa mapema sana, chini ya wiki 32 na hasa chini ya 28, wakikua huwa na matatizo ya umakini na ya kuchangamana na wenzao mara nyingi zaidi kuliko waliotimia, na usonji pia huonekana kwao zaidi. Walio wengi hawapati usonji. Mtoto wa miezi 4 kugeuza shingo hakumwambii mtu yeyote, hata bingwa, kwamba atakuwa nao.

Mtoto wa pale mbele amepiga miayo mara mbili na amejifunika uso kwa mkono. Hapana mama, usimtikise, nimechosha mimi. Mkinge na hiyo taa tu. Ahsante.

Umefika wakati mzuri, mwanangu, maana nilikuwa naelekea hapo hapo. Mwanasaikolojia Heidelise Als, aliyefanya kazi Boston, alichapisha mwaka 1982 maelezo ya namna mtoto njiti anavyopanga nguvu zake, na mimi tangu nimeyasoma nayaeleza kama matumizi ya nyumba. Mshahara ni mdogo. Kwanza unalipiwa upumuaji, mapigo ya moyo na rangi ya ngozi. Kikibaki, inalipwa mikono na miguu itulie. Kikibaki, usingizi na kuamka viwe na mpaka unaoeleweka. Ndipo, kama kuna chenji, inanunuliwa anasa: kukuangalia. Ukimdai anasa kabla ya kodi kulipwa, atakulipa, maana watoto hawana hiana, lakini atakopa kwenye pumzi. Utaona rangi inapauka kandokando ya mdomo, pumzi inakatikakatika. Au vidole vinatanuka vyote vitano kama askari wa usalama barabarani. Mgongo unajipinda. Miayo, chafya, kwikwi bila mafua wala shibe. Macho yanaenda pembeni. Hiyo ndiyo lugha yake ya kusema "ngoja kidogo", na siku ile mezani yule binti alinisemesha karibu maneno yote ya lugha hiyo nami sikusikia hata moja.

Kuna utafiti wa mwaka 1994 wa Carol Eckerman na wenzake ambao kila muuguzi mpya nampa. Waliwakuta watoto njiti ambao hata tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa ilikuwa bado haijafika, wakakaa nao uso kwa uso. Mtu mzima alipozungumza kwa upole tu, watoto waliinua kope, wakawa macho. Alipozungumza na huku anapapasa, dalili za kuelemewa ziliongezeka. Sauti ile ile, mkono wenye upendo ule ule, ila viwili kwa mpigo vilikuwa vingi mno. Nakumbuka bibi mmoja aliponisikia nikieleza haya alinuna: kwani mtoto asishikwe? Ashikwe, bibi. Mkono uliotulia juu ya kichwa na chini ya nyayo ni blanketi. Mkono unaosugua huku mdomo unaimba huku kichwa kinatikisika, huo ni mkutano wa hadhara.

Na sasa lile ambalo kama mtasahau yote, lishikeni. Tiffany Field, mwaka 1977, aliwaweka mama na watoto wao wa miezi mitatu na nusu hivi wakae uso kwa uso, wakiwemo waliozaliwa njiti. Kwanza walicheza kama kawaida yao. Halafu mama aliambiwa afanye kila awezalo mtoto amwangalie. Kisha akaambiwa aache hayo, amwige tu mtoto: akitoa ulimi toa ulimi, akiguna guna, akinyamaza nyamaza. Mnaona mwisho wake. Walipojitahidi zaidi kuangaliwa, watoto waliangalia pembeni zaidi. Walipoiga, walipunguza mwendo bila hata kujijua, na watoto wakageuka kuwaangalia.

Nataka tusimlaumu mama hapa, kwa sababu nimekaa wodini nikaona jinsi anavyofika pale. Amekaa wiki 8 akimtazama mwanawe kupitia kioo. Kila siku anaulizwa maziwa mililita ngapi, gramu ngapi. Siku anaporuhusiwa kwenda nyumbani ana deni la kuangaliwa la wiki 8, na mtoto naye ana deni la kupumzika la wiki 8, na yote yanadaiwa siku moja. Mtoto haitiki, mama anaongeza sauti. Mtoto anageuka, mama anasogeza uso. Naita hali hii kumfukuza mtoto kwa mapenzi. Na kuna wa upande wa pili, kama mama yule wa kadi, anayekata tamaa na kugeuza uso wake ukutani. Hilo nalo lina uzito wake. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio la uso uliokufa ganzi: mama anacheza na mtoto, halafu anaambiwa akae mbele yake uso mkavu, asitabasamu, asijibu. Mtoto hutabasamu kumwita, hujaribu tena, hujinyoosha, mwishowe hugeuza uso na kunyong'onyea. Dakika chache tu. Mtoto anajua kabisa kwamba zamu yake imepita na mwenzake hakujibu.

Simu sitaihubiria, wote tunazo. Ila uso uliomezwa na simu unafanana mno na uso wa jaribio lile, nami nimejikuta nao.

Basi mtu akae wapi kati ya kufukuza na kugeukia ukutani? Akae pale pale, angoje. Akina baba mara nyingi huniuliza, wangoje muda gani, kama vile kuna saa ya kupimia. Wapeni pumzi zenu 10 za taratibu, uso ukiwa umetulia na si mkavu, umbali ule wa sentimita 20 hadi 30. Wengi hurudi kabla ya ya kumi. Asiporudi, amemaliza kwa sasa, mpe bega alale. Chagueni saa ambayo mtoto ameshanyonya, ameshabadilishwa nepi, hajachomwa wala kuogeshwa karibuni. Zimeni taa moja au mkingieni mwanga kwa kiganja juu ya nyusi, mtaona kope zinavyofunguka zenyewe. Ni jambo dogo mno na hunifurahisha kila mara. Kisha kimoja tu: ama uso, ama sauti, ama mkono. Akikipokea hicho vizuri, ongezeni cha pili siku nyingine. Na mhesabie kwa saa zote mbili. Umri uliorekebishwa, yaani ule unaohesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, tunautumia hadi miaka 2.

Kuhusu kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, huduma ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wengi hudhani ni ya joto na uzito tu, na kwa maisha ya mtoto hayo yangetosha kabisa. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linapendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Lakini Ruth Feldman na wenzake wa Israeli, mwaka 2002, walilinganisha waliobebwa hivyo na ambao hawakubebwa, na walipofika wiki ya 37 ya umri wa mimba waliobebwa walikuwa macho zaidi na walikwepa macho ya mama kwa nadra zaidi. Pale kifuani hata hamtazamani, yeye ameona kidevu tu. Ila kodi zote za chini zinalipwa, na chenji inabaki. Baba naye ana kifua.

Jambo moja la hospitali kabla sijafunga, na hapa siongei kwa upole. Haya yote ya kungoja yanadhani kwamba jicho lenyewe ni zima. Mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa mtoto njiti haijamaliza kukua, na inaweza kuota vibaya ikampofusha. Miaka ya 1940 na 1950, kabla haijajulikana kwamba oksijeni nyingi isiyopimwa inachangia, maelfu ya watoto walipoteza macho kwa njia hiyo. Siku hizi kuna kipimo, cha kwanza kikiwa karibu na wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, na waliozaliwa wachanga zaidi hupimwa wakifika wiki ya 31 ya umri wa mimba. Ukipangiwa tarehe ya kurudi kupimwa macho usiikose hata kama mtoto anaonekana mzima kama kigori, kwa sababu dirisha la kutibu ni la siku chache. Na mtoto akifika miezi 3 kwa umri uliorekebishwa bado haukazii uso wala haufuati, au macho yanacheza-cheza yenyewe, au mboni inaonekana nyeupe, usingoje pumzi 10 wala 2. Mlete.

Nimalizie kadi. Mama yule aliponieleza habari ya ukuta, nilimwomba tukae. Mtoto alikuwa amefikisha wiki 6 kwa umri uliorekebishwa. Alikuwa ametoka kunyonya. Nilizima taa, nikafunga mlango, nikaketi pembeni ambako sionekani, mikono mitupu. Mama akampakata, hakusema kitu, nadhani kwa kuogopa zaidi kuliko kwa mafundisho yangu. Kisha nikachukua kadi, neno langu nikalikata kwa mstari mmoja na sahihi kando, kama utaratibu wa majalada unavyotaka, lisomeke bado. Chini yake nikaandika: "Wiki 6 kwa umri uliorekebishwa. Ameshiba, mwanga hafifu, mama kimya. Alimwangalia mama sekunde 9. Akageuza shingo. Mama akangoja. Akarudi mwenyewe."

Mama alisoma mara mbili. Akanirudishia kadi, kidole kikiwa kwenye maneno yale mawili ya mwisho, akaniuliza kama naweza kuyapigia mstari. Nikayapigia.